Umeme ukikatika kwenye baridi kali: nawahifadhije chatu, pogona na geko chui kwa saa 48?

Mlinda_Magamba

Habari za humu wakuu. Utabiri unaonyesha mvua ya barafu keshokutwa, na tumeshatahadharishwa kwamba umeme unaweza kukatika kwa saa 24 hadi 48. Nje itashuka hadi nyuzi 12 chini ya sifuri. Nyumba inapashwa na boila ya gesi, ila pampu ya kusukuma maji yake inatumia umeme, kwa hiyo umeme ukienda, joto la nyumba linaenda nao. Jiko la gesi linawaka kwa kiberiti na maji ya bomba yatakuwepo.

Wanyama ni watatu. Chatu wa kifalme (Python regius) jike, kilo 1.6, amemeza panya jana jioni. Pogona (mjusi wa Australia mwenye ndevu za miiba) dume mkubwa, amekula mboga leo asubuhi. Geko chui mmoja wa gramu 70, hajala siku tatu. Chatu na pogona kila mmoja ana kizimba cha kioo cha sentimita 120 kwa 60 kwa 60, wavu juu. Cha geko ni kidogo, sentimita 60. Chatu anapashwa na hita ya seramiki ya wati 100, pogona na taa ya kuotea ya wati 100, geko na mkeka wa joto wa wati 14. Vyote vina thamostati ya kudhibiti joto.

Jenereta sina. Kuna betri ya gari, blanketi za kutosha, na kesho nzima ya kununua vitu. Nilikuwa nafikiria kufunika vizimba kwa blanketi nzito na kuingiza chupa za maji moto ndani. Niko sahihi? Na mstari wa hatari ni nyuzi ngapi kwa kila mmoja?

Kipimajoto

Chupa za maji moto ni wazo zuri. Vizimba ndivyo vitakavyokuangusha.

Piga hesabu mkuu. Kioo kitupu hupitisha karibu wati 5 hadi 6 kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Kizimba cha 120 kwa 60 kwa 60 kina mita za mraba 3.6 ukijumlisha pande zote. Chumba kikifika nyuzi 12 na wewe unataka 25 ndani, unavuja wati 250 hivi muda wote, na hapo sijagusa hewa ya moto inayopanda na kutoka kwenye wavu. Sasa chukua chupa ya lita 2: ikipoa kutoka nyuzi 55 hadi 35 inatoa wati-saa 46 basi. Utahitaji zaidi ya chupa tano kila saa, usiku kucha, kwa kizimba kimoja. Hata blanketi zikipunguza uvujaji hadi theluthi, bado ni karibu chupa mbili kwa saa.

Chukua boksi la stairofomu, yale meupe mepesi ya kusafirishia samaki au dawa, la sentimita 60 kwa 40 kwa 35 na unene wa sentimita 3. Kwa tofauti ile ile ya joto linavuja kama wati 15. Chupa mbili za lita 2 zinalihudumia saa nne hadi tano bila wasiwasi. Kwa hiyo usihangaike kupasha kizimba. Mtoe mnyama, muweke mahali padogo, pasha hapo.

Linavyopangwa:

Tafuta kontena la plastiki lenye kifuniko linaloingia ndani ya boksi na kubakiza nafasi ya sentimita 10 hadi 12 kwenye kila upande mfupi wa boksi. Nafasi hizo mbili ndiyo vyumba vya chupa. Mnyama anakaa ndani ya plastiki, chupa ziko nje ya plastiki, hakuna namna wanagusana. Reptilia wengi hawaondoki haraka kwenye kitu kinachowaunguza, hasa wakiwa wamepoa, na chupa ambayo wewe unaishika vizuri kwa sekunde kumi inababua ngozi ya tumbo ikikaa pale saa nzima.

Toboa kontena matundu kumi hivi ya milimita 4, na boksi matundu sita ya milimita 6, matatu kila upande mrefu. Yawe karibu na juu, yasiwe chini. Kila unapobadilisha chupa unafungua kifuniko, na hapo hewa nayo inabadilika.

Chatu aingie kwenye foronya ya pamba iliyofungwa fundo, kisha kwenye kontena lililotandikwa karatasi kavu. Pogona na geko wanaweza kutumia boksi moja la stairofomu, lakini kila mmoja kwenye kontena lake. Bakuli la maji lisiingie humo. Likimwagika una mnyama aliyelowa kwenye baridi, na siku mbili bila kunywa hazimdhuru mzima mwenye afya.

Maji: changanya nusu yaliyochemka na nusu ya bomba. Maji ya bomba yakiwa nyuzi 10 hivi, mchanganyiko unatoka kwenye 55. Usimimine yanayochemka moja kwa moja kwenye chupa za soda, zinanyauka na kifuniko kinaachia. Jaza hadi juu kabisa, funga, geuza chupa kichwa chini kwa dakika moja juu ya karatasi kavu uone kama inavuja. Ifunge kwa taulo dogo au soksi nene. Isimamishe na ikazwe isianguke.

Kipimajoto kiwe cha dijitali chenye waya: ncha ilale kwenye sakafu ya kontena pale tumbo la mnyama lilipo, kioo chake kiwe nje ya boksi usome bila kufungua. Hapa ndipo watu wanapokosea. Wanaweka ncha juu kwenye kifuniko, inasoma 29, kumbe chini ni 22.

Na ogopa joto kupita kiasi kuliko unavyoogopa baridi. Kwenye kizimba mnyama anahamia upande wa ubaridi, kwenye boksi hana pa kuhamia. Chatu akifika nyuzi 25 kwa saa kadhaa hana shida yoyote, lakini boksi likipanda hadi 38 unaweza kumpoteza kabla hujarudi kuangalia. Kwa chatu lenga 26 hadi 28, ikifika 30 toa chupa moja. Pogona na geko lenga 21 hadi 24.

Mstari wa hatari: chatu wa kifalme asikae chini ya 22 kwa muda mrefu, na huyu wako aliyekula jana nisingependa aguse hata hiyo 22. Pogona na geko chui wenye afya wanavumilia usiku wa nyuzi 18 bila matatizo, maana ndivyo usiku ulivyo makwao. Chini ya 15 kwa saa nyingi hapo tunaanza kuongea lugha nyingine.

Fanya jaribio leo usiku, boksi tupu, kwenye chumba chenye baridi kuliko vyote. Andika nyuzi kila nusu saa. Kesho utajua chupa zako zinadumu saa ngapi kwenye boksi lako.

Mchuma_Jani

Mbona mnajisumbua. Washa mishumaa minne, funika kwa chungu cha udongo, weka karibu na vizimba. Chungu kinazidisha joto na chumba kizima kinapata.

Volti12

Mchuma_Jani, chungu hakizidishi chochote. Mshumaa mdogo wa kikombe unatoa wati 30 hadi 40, na utatoa hizo hizo uwe na chungu au usiwe nacho. Kinachobadilika ni kwamba chungu kinashika joto na kulisambaza pembeni badala ya kuliacha lipande darini, ndiyo maana ukikaribisha mkono unahisi limeongezeka. Hatari yake ni ya kweli: mishumaa kadhaa ikibanana chini ya chungu, nta yote inayeyuka, inapata moto kupita kiasi, kisha inashika moto yenyewe kwa mkupuo. Mtu akimwagia maji hapo anasambaza moto chumba kizima. Ongeza blanketi zilizoning'inia kwenye vizimba na masizi kwenye chumba kilichozibwa. Hapana.

Kwenye suala la moto, jambo moja halina mjadala. Jiko la mkaa halipashi chumba cha kulala watu wala wanyama, na jiko la gesi halitumiki kama hita. Chemsha maji, zima. Mwenye jenereta aiweke nje, angalau mita 6 kutoka mlango na madirisha, moshi ukielekea mbali na nyumba. Gereji si nje, hata mlango wake ukiwa wazi. Kaboni monoksidi haina harufu, kwa hiyo kengele yake ya betri iwe imeshafungwa ukutani kabla barafu haijaanza.

Haya, betri. Hita ya seramiki ya wati 100 isahau kabisa, pamoja na taa ya pogona. Kilicho na maana kwenye betri ni ule mkeka wa geko wa wati 14, kwa sababu kwenye boksi la stairofomu wati 14 karibu zinatosha peke yake.

Betri ya gari ya kawaida ya Ah (ampea-saa) 60 ina wati-saa 720 kwenye makaratasi, lakini si ya kunyonywa mpaka chini. Betri za kuwashia injini zinaharibika zikishushwa sana, na wewe bado unalihitaji gari liwake asubuhi. Chukua robo tu, wati-saa 180. Ukiunganisha mkeka wa volti 12 moja kwa moja unapata kama saa 12 za wati 15. Ukipitia inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ili uwashe mkeka wa umeme wa nyumba, inveta yenyewe inakula wati 8 hadi 15 hata ikiwa haifanyi kitu. Yaani unalipa mara mbili. Kesho ukipata mkeka wa volti 12, wa gari au wa kuoteshea miche, chukua huo. Weka fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na nguzo chanya ya betri.

Kama unaweza kupata betri ya lithiamu ya chuma fosfeti, Ah 100 ina wati-saa 1,280 na unaweza kutumia zaidi ya asilimia 80 bila kuidhuru. Hiyo inaendesha boksi mbili za wati 15 kwa zaidi ya saa 30. Angalizo moja: haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo ikae ndani ya nyumba.

Inveta ikiwa lazima, iwe ya mawimbi safi. Thamostati za kupunguza mwanga na zile za mipigo zikilishwa mawimbi ya ngazi ya inveta zisizo za mawimbi safi huunguruma, husoma vibaya, nyingine huungua. Ile rahisi ya kuwasha na kuzima kwa kawaida inavumilia.

Mkeka ubandikwe kwenye ubavu wa nje wa kontena, usiwe chini. Ukiulaza chini ya kontena na stairofomu chini yake, joto halina pa kwenda ila juu, na mkeka unajipika. Ncha ya thamostati iwe kati ya mkeka na plastiki, iwekwe 30 kwa chatu. Mkeka bila thamostati ndani ya boksi lililozibwa usiuwashe kamwe, unaweza kupita nyuzi 45 bila dalili yoyote nje.

Na kile kifaa cha kompyuta kinachopiga kelele umeme ukikatika? Ndani kina betri ya volti 12 Ah 7. Wati-saa 84. Kinafaa kwa simu na taa ya kusomea kipimajoto.

Mlinda_Magamba

Asanteni sana, nimeshapata boksi mbili za stairofomu. Maswali yaliyobaki:

1. Nimeona zile pakiti za joto za unga wa chuma, za saa 40, na zile ndogo za mikononi. Naweza kuziweka badala ya chupa usiku nilale?
2. Pogona si analala usingizi wa baridi hata porini? Kwa nini nisimuache tu apoe alale?
3. Chatu nimguse au nimuache kwanza, maana amekula jana?

Mama_Kinyonga

Mwanangu, naanza na la tatu kwa kuwa ndilo lenye haraka.

Chatu ndiye mgonjwa wako wa kwanza hata kama hajaugua. Nyoka anasaga chakula kwa joto la nje. Joto likishuka, tumbo linapunguza kazi, lakini vijidudu vilivyo ndani ya panya haviachi kazi. Panya anaanza kuoza kabla hajasagwa, gesi inajaa, na nyoka anacheua. Kucheua kunamtoa na asidi ya tumbo na kumchosha kwa wiki. Kwa hiyo asihamishwe wakati umeme umekatika na kizimba kimeshapoa. Ahamishwe mapema, kizimba kikiwa bado kwenye joto lake. Teleza mikono miwili chini ya mwili wote, usimbane katikati, muingize kwenye foronya bila kumning'iniza, fundo, basi. Mara moja. Baada ya hapo ni kusoma kipimajoto tu, usimfungue kumwangalia. Na wale wanaoshauri kumvaa nyoka chini ya sweta: kwa nyoka mdogo mwenye tumbo tupu, ndani ya mfuko wa kitambaa, mtu akiwa amekaa na yuko macho, sawa, ngozi yetu ni nyuzi 33 hivi. Kwa aliyekula, hapana. Na hakuna kulala naye kitandani.

Kuanzia sasa hakuna mnyama anayekula mpaka umeme utulie. Huyo pogona mnyime hata mboga za kesho. Muache aote taa yake kwa nguvu zote kesho mchana kutwa ili amalizie za leo.

La pili linafuata hapo hapo. Pogona anaingia usingizi wa baridi akiwa ameacha kula kwa siku nyingi, utumbo mtupu, joto limeshuka polepole kwa wiki. Wako ana mboga tumboni na atashushwa nyuzi 20 kwa nusu siku. Anaweza kuonekana amelala vizuri huku chakula kikichacha ndani. Huo usiku wa nyuzi 18 aliosema Kipimajoto atauvumilia, lakini kumtelekeza kwenye chumba cha nyuzi 8 kwa siku mbili ukisema amelala ni bahati nasibu. Geko hali kadhalika, ingawa yeye kwa tumbo tupu na mkia mnene ndiye nisiyemhofia sana kati ya hao watatu.

Pakiti za joto. Zinafanya kazi kwa chuma kuungana na oksijeni, yaani kushika kutu haraka. Mambo mawili yanafuata. Zinakula oksijeni ya humo ndani, na zikikosa hewa zinazimika. Watu huzifunika kwa utepe pande zote, baada ya saa mbili zimekufa, wanasema ni mbovu. Fungua pakiti, itikise, iache nje dakika 30 hadi ipate joto, kisha ibandike kwenye upande wa ndani wa kifuniko cha boksi la stairofomu, karibu na matundu, uso wenye vitundu ukiangalia hewa. Ikae nje ya kontena la mnyama kama zilivyo chupa. Ile ya saa 40 inatoa joto dogo la kudumu. Peke yake haitabeba chatu kwenye chumba cha nyuzi 12, lakini pamoja na chupa mbili inakuongezea muda wa kulala. Zile ndogo za mikononi zimetengenezwa kukaa kwenye glavu ambako hewa ni chache. Zikipata hewa nyingi zinaweza kupita nyuzi 60 na hazidumu usiku mzima. Ziache kwa vidole vyako.

Hata hivyo weka kengele ya simu kila saa nne. Joto la boksi halina mlinzi mwingine.

Mwisho, usinyunyizie maji chochote. Unyevu ukikutana na baridi ndipo mapafu yanaposhikwa. Mwenye kinyonga au geko mwenye kishungi asome hapa pia: geko mwenye kishungi anapenda 22 hadi 25 na 18 haimsumbui, shida yake ni ukimtia kwenye boksi la 29 kwa huruma.

Kipimajoto

Naongezea kwa Mama. Chagua chumba kimoja leo: kidogo, cha katikati ya nyumba, dirisha moja au hakuna. Choo cha ndani au korido iliyofungwa mara nyingi inashinda sebule. Ziba chini ya mlango kwa taulo, ning'iniza blanketi mlangoni, na boksi zikae juu ya meza, kwani hewa ya chini ni baridi kuliko ya usawa wa kiuno kwa nyuzi kadhaa. Zisiegemee ukuta wa nje. Umeme ukiwa bado upo, pandisha joto la nyumba hadi 24 au 25 siku nzima. Kuta na samani zinalishika na kukupa saa za bure mwanzoni.

Jaza chupa zote za chai maji yaliyochemka jioni. Kubadilisha chupa saa tisa usiku bila kusubiri sufuria ichemke ni raha isiyo kifani.

Tope_na_Maji

Samahani kuingilia. Mimi nina kobe wa maji mwenye masikio mekundu, tanki lita 200, maji nyuzi 25. Naye anatolewa?

Kipimajoto

Wa kwako muache majini. Lita 200 zinahitaji kupoteza wati-saa 230 hivi ili zishuke nyuzi moja. Tanki tupu bila kufunikwa kwenye chumba cha nyuzi 12 litashuka karibu nusu nyuzi kwa saa mwanzoni, kisha polepole zaidi. Bandika mbao za stairofomu za sentimita 5 pande zote, na juu pia ukibakiza upenyo wa hewa, na kasi hiyo inashuka mara kadhaa. Mzima mwenye afya anavumilia maji ya nyuzi 18 kwa siku mbili, ila asile.

Jihadhari na kichujio. Cha kopo kilichofungwa, kikikaa bila mzunguko saa kadhaa, bakteria wema wanakosa oksijeni wanakufa, na maji ya ndani yanakuwa machafu yenye harufu. Umeme ukirudi usikiwashe hivyo hivyo. Kifungue, mwaga maji ya ndani, suuza sponji kwa maji ya tanki, ndipo ukiwashe. Kabla ya hapo chomoa hita ya majini, maana ukipunguza maji ikabaki hewani na umeme ukarudi, kioo chake kinapasuka.

Mlinda_Magamba

Jaribio la boksi tupu limeisha: chumba nyuzi 14, chupa mbili za lita 2 za nyuzi 55, sakafu ya kontena ilipanda hadi 29 baada ya saa moja na nusu, saa ya tano ikawa 25. Nimepunguza maji ya moto kidogo. Swali la mwisho: umeme ukirudi nafanyaje? Narudisha wote mara moja?

Mama_Kinyonga

Usiwe na haraka. Rudisha joto la kizimba kwanza, mnyama baadaye. Hewa inapata moto ndani ya nusu saa, lakini udongo na mawe yanachukua saa tatu hadi nne, na tumbo linalala kwenye udongo. Pima sakafu, siyo hewa. Ikisoma kawaida ndipo umrudishe.

Ukimkuta aliyepoa sana, amelegea, hajibu, usimtumbukize kwenye maji ya moto na usimlaze juu ya chupa. Chumba cha nyuzi 24 kwanza, saa moja au mbili, kisha 27, kisha joto lake. Na usimzike kwa haraka. Huko Florida iguana wa kijani huanguka mitini baridi ikikaribia nyuzi 4 hadi 7, wanaonekana wafu kabisa, jua likitoka wengi wanaondoka kwa miguu yao.

Chakula: pogona asubiri saa 24 za kuota taa kikamilifu, kisha apewe kidogo. Chatu asipewe kingine mpaka ajisaidie. Kama alicheua, hesabu siku 14 halafu mpe panya nusu ya ukubwa wa kawaida. Maji ya kunywa wote wape siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo angalia pumzi kwa wiki mbili. Kupumua mdomo wazi, mlio wa kubofyabofya, mapovu au ute puani, kichwa kilichoinuliwa muda wote: hayo ni ya daktari wa wanyama anayejua reptilia, siyo ya dawa iliyobaki kabatini. Ukisubiri miadi, muweke upande wa juu wa joto lake la kawaida, kinga yake na dawa zote zinafanya kazi vibaya akiwa amepoa.

Volti12

Kwa upande wa nyaya: umeme ukikatika tu, chomoa hita na taa zote kwenye soketi, usizime swichi pekee. Moto mwingi unaanzia hapo, blanketi limefunika taa ya wati 100, umeme unarudi saa kumi alfajiri na kila mtu amelala. Umeme ukirudi, toa blanketi zote kwanza, subiri dakika 15 volti zitulie kwa sababu mara nyingi unarudi na kukatika tena, ndipo uchomeke kifaa kimoja kimoja.

Kabla ya kuchomeka hita, angalia namba kwenye thamostati. Baadhi ya za dijitali zikikosa umeme zinarudi kwenye mpangilio wa kiwandani, ulikuwa 32 unakuta 25 au 35. Na saa za kuwashia taa, zile za kuzungusha, zitakuwa nyuma kwa muda ule ule umeme uliokatika. Zisogeze, la sivyo pogona atawashiwa jua usiku wa manane.